Stakabadhi za muhula wa tatu

(Hotuba iliyotolewa siku ya kuzindua mfuko wa karo wa shule yetu ya msingi, Kaunti ya Kilifi. Jina la mwalimu nimeliacha kwa ombi la familia yake.)

Mwalimu Mkuu, mwenyekiti wa bodi na wanabodi wenzako, walimu, wazee wetu mlioketi hapo mbele, akina mama, ndugu zangu mliosoma hapa mkatawanyika Mombasa, Nairobi na ughaibuni, na nyinyi watoto mlioambiwa mkae kimya tangu saa mbili asubuhi: hamjambo nyote? Wazee wangu, shikamooni.

Nilipewa robo saa, na mheshimiwa aliyenitangulia ameshaila nusu. Kwa hivyo salamu zangu zimeishia hapo.

Mwalimu wetu alifundisha darasa la kwanza hapa kwa muda mrefu, hata akaja kuwafundisha watoto wa wanafunzi wake wa mwanzo. Ndiye aliyetushika mkono tukaandika herufi bila kutoboa karatasi. Hayo mnayajua, na wasemaji wawili wameshayaeleza vizuri kunishinda. Mimi nataka kuzungumzia faili.

Baada ya arobaini, mwanawe mkubwa alikuja hapa shuleni na faili la kijani, lile la kadibodi linalofungwa kwa uzi. Ndani mlikuwa na stakabadhi za benki na risiti za shule za sekondari, nyingine wino umefifia hata huoni kiasi kilicholipwa. Zimepangwa mwaka kwa mwaka, na ndani ya mwaka, muhula kwa muhula. Juu ya kila moja, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, ameandika jina la mtoto, na chini ya jina: “amerudi.” Mtoto alikuwa ametumwa nyumbani kwa ajili ya karo, akalipiwa, akarudi darasani. Basi. Hakuna maelezo mengine.

Katika majina yale hamna hata moja la mtoto wake wa kumzaa. Stakabadhi za zamani kabisa ni za miaka ya tisini, wakati kiwanda cha korosho cha Kilifi kilipofungwa na nyumba nyingi za huku zikabaki bila mshahara wowote unaoingia. Wazee mnaukumbuka wakati ule. Watu walivuna korosho wakakosa pa kuzipeleka isipokuwa kwa wachuuzi waliojipangia bei. Mwalimu, yeye mshahara wake uliendelea kuja kila mwezi, mdogo lakini wa uhakika, na nadhani hilo lilimsumbua.

Hakuna stakabadhi yenye pesa nyingi mle. Salio la muhula, nusu ya muhula, pesa za mtihani. Baadhi ya wenye majina hayo wamo uwanjani humu. Wawili nimewaona wameinamisha vichwa. Msiwe na wasiwasi, simtaji mtu.

Na mwishoni mwa faili kuna barua fupi. Inasema kwamba sehemu ya mafao yake ya kustaafu ije shuleni iendelee na kazi ile ile. Ndizo pesa za kwanza za mfuko tunaouzindua leo.

Ukarimu wake hauna ubishi. Linalotaka kufikiriwa ni namna ya kuzitumia pesa hizi bila kuiharibu kazi yake, na hapo ndipo naomba niwapeleke mbali kidogo, hadi Uswidi, halafu niwarudishe Kiambu.

Palikuwa na mama akiitwa Hilde Back. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1922, katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1935, bado ni msichana mdogo, Wanazi walipitisha sheria za Nuremberg zilizowavua Wayahudi uraia. Novemba 1938 watoto wa Kiyahudi wakafukuzwa kabisa katika shule za serikali. Nyinyi watoto hebu lifikirieni hilo. Hapa mtu akirudishwa nyumbani, kuna pesa anayodaiwa, na ikilipwa mlango unafunguka. Yule hakudaiwa senti. Alifungiwa mlango kwa sababu ya ukoo aliozaliwa.

Hilde alitoroka akaingia Uswidi kwa msaada wa watu. Wazazi wake waliangamia katika kambi za Wanazi. Akabaki peke yake katika nchi ya wenyewe, akajifunza lugha, akasomea ualimu, akawa mwalimu wa chekechea katika mji wa Västerås. Chekechea, jamani! Mshahara wa mwalimu wa chekechea mnaweza kuukisia hata kama hamjawahi kukanyaga Ulaya.

Miaka ya sabini aliingia katika mpango mmoja wa kule kwao wa kuwasomesha watoto wa nchi nyingine. Mtoto aliyeangukia kwake alikuwa wa Kenya, kutoka kijiji cha Mitahato, Kiambu. Jina lake Chris Mburu. Kijana alikuwa na akili, nyumbani hawana kitu, na elimu yake ilikuwa inaelekea kukomea njiani. Hilde akawa anatuma kama dola 15 kwa muhula, ambazo kwa miaka ile zilikuwa zaidi kidogo ya shilingi mia moja za kwetu. Wakati wote huo wakijuana kwa barua tu.

Mburu akamaliza sekondari. Akaingia Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea sheria, kisha Harvard kule Marekani, kisha Umoja wa Mataifa, kwenye kazi ya haki za binadamu. Mwaka 2001, kwa kushirikiana na jamaa na marafiki, akaanzisha mfuko wa kuwasomesha watoto wa Kenya waliokuwa hali yake ya zamani. Akaupa jina la yule mwalimu, na wala hakuwa amewahi kumtia machoni. Ubalozi wa Uswidi jijini Nairobi ndio uliomsaidia kumtafuta. Akapatikana Västerås, mzima, amestaafu, anaishi kwenye fleti ndogo peke yake. Hakuwa na watoto. Kusikia kwamba huku Afrika kuna mfuko wenye jina lake kulimshangaza sana, maana kwake lile lilikuwa jambo dogo lililopita zamani.

Alikuja Kenya, akapokewa kijijini kwa nyimbo na vigelegele. Na sehemu inayonigusa mimi zaidi ni kwamba Mburu hakujua historia ya mama huyu. Alimjua kama mzungu wa Uswidi mwenye huruma. Kwamba aliwahi kufukuzwa shule, kwamba alikuwa mkimbizi, kwamba wazazi wake waliuawa kwa sababu ya kabila lao, hayo aliyajua baadaye sana, wakati watengenezaji wa filamu walipoanza kuwahoji wote wawili. Na kazi yake Mburu ilikuwa ni kupambana na ubaguzi, pamoja na mauaji ya aina ile ile. Kwa miaka mingi mtoto aliyelipiwa karo alikuwa anahangaika na jeraha la mlipaji, na hakuna kati yao aliyejua.

Hilde Back alifariki Januari 2021 akiwa na miaka 98. Mfuko wenye jina lake umeshawasomesha watoto kwa mamia.

Sasa nimerudi nyumbani, na nataka tutazame hesabu, maana mwalimu wetu hakupenda mtu aseme “pesa nyingi” bila kusema ngapi. Mwongozo wa karo wa serikali tuliouzoea kwa sekondari ulisema mzazi wa mtoto wa bweni katika shule ya kitaifa alipe shilingi 53,554 kwa mwaka. Shule nyingine nyingi za bweni, 40,535. Serikali nayo ikaweka 22,244 kwa kila mwanafunzi. Ya mzazi yaligawanywa asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili, 20 wa tatu. Kwa hiyo mzazi wa shule ya kitaifa alitakiwa kuwa na 26,777 mwezi wa Januari, kabla hajanunua sanduku, godoro, ndoo, sweta na viatu vya ngozi. Januari yenyewe mnaijua ilivyo, imetoka moja kwa moja kwenye Krismasi.

Na hapo Januari ndipo kila mwema hujitokeza. Fomu za basari za eneo bunge hujazwa. Kanisa huchanga, msikiti huchanga. Mjomba wa Nairobi hupigiwa simu, na hata asipopokea mara ya kwanza atapokea ya tatu. Magazeti huandika habari za mtoto aliyefika shuleni na kisanduku kitupu, na kufikia jioni amepata wafadhili watano. Sisemi vibaya, watoto wengi wameingia sekondari kwa njia hiyo.

Halafu muhula wa pili unafika, na magazeti yana habari nyingine.

Nilikaa na lile faili jioni nzima nikalipitia upya, na kuna kitu sikukiona mara ya kwanza. Stakabadhi karibu zote ni za muhula wa pili na wa tatu. Za Januari ni za kutafuta. Mwanzoni nilidhani labda za Januari zimepotea. Kisha nikaelewa. Mwalimu aliwaacha wenye sherehe wafanye sherehe yao, halafu yeye akangoja mwezi wa sita, akangoja mwezi wa tisa, amwone mtoto wa fulani anapita hapa nje na sare siku ya Jumanne saa nne asubuhi. Alijua maana yake. Mtoto wa bweni hana sababu ya kuwa barabarani Jumanne. Alimwita, akamuuliza ni kiasi gani, na hakumuuliza mbele ya watu.

Salio la muhula wa tatu huwa ndilo dogo kuliko yote. Asilimia 20 ya ile 53,554 ni kama shilingi 10,711, na mara nyingi mtoto anakuwa anadaiwa elfu tatu au nne za mwisho. Lakini muhula huo ndio wa mitihani. Kidato cha nne akikaa nyumbani wiki mbili mwezi wa Septemba kwa ajili ya elfu tatu, anakosa marudio, anakosa majaribio ya maabara, na anaingia kwenye mtihani wa taifa akiwa amekata tamaa nusu. Miaka minne ya jasho la mama yake inayumba kwa pesa ya mbuzi mdogo. Pengo hilo ndilo mwalimu wetu alilolijua na akakaa hapo.

Ndiyo maana naiambia kamati, na naisemea hapa mbele ya mashahidi: tusiufanye mfuko huu wa Januari. Tuchukue watoto wachache, tuwashike mpaka wamalize. Mtoto tukimchukua, jina lake likae kwenye kitabu chetu muhula wa kwanza, wa pili, wa tatu, na mwaka unaofuata vivyo hivyo. Hilde Back hakumlipia Mburu mara moja akapiga makofi akaondoka. Alilipa, muhula ukaisha, akalipa tena. Kama angetoa dola mia tano siku moja na kutoweka, sidhani tungekuwa tunamzungumzia leo.

Kuna jambo ambalo kamati bado tunabishana, na sioni haya kulileta hadharani. Wenzangu wengine wanasema mfuko uchague watoto kwa alama. Wana hoja. Ule mfuko wa Hilde Back wenyewe uliwachagua waliofanya vizuri katika KCPE, ule mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, na ile filamu iliyotoka mwaka 2010 iliwafuata watoto wa Kiambu wakingoja matokeo, nchi ikiwa imewaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Pesa zikiwa chache na wanaohitaji wakiwa wengi, lazima kuwe na mlango, na alama ni mlango ambao hakuna anayeweza kusema umefunguliwa kwa undugu. Naliheshimu hilo. Tunaijua sote harufu ya basari inayofuata ukoo.

Lakini nirudi kwenye faili. Majina yaliyomo siyo ya wale waliokuwa wa kwanza darasani. Wengine, mtanisamehe, tulikuwa nao dawati moja na tunajua walikuwa wa ngapi. Mmoja leo ni fundi wa boti anayeajiri watu. Mmoja ni muuguzi. Mmoja sijui yuko wapi. Mwalimu hakuwauliza alama. Na sasa hata KCPE yenyewe haipo, ya mwisho imefanywa 2023, kwa hiyo ule mlango wa alama mia nne umeng'olewa bawaba. Mimi napendekeza tutumie rejesta ya mahudhurio. Mwalimu wa darasa anajua ni nani anayetumwa nyumbani mara kwa mara na bado anarudi. Huyo anayerudi, tena kwa miguu, bila kuhakikishiwa kitu, ndiye wetu. Wanakamati wenzangu watanijibu kwenye kikao, na wakinishinda kwa hoja nitakubali.

Niseme na neno kwa walimu, kwa sababu nawaona mmeanza kunitazama kwa mashaka, kana kwamba nakuja kuikopa mishahara yenu. Mnamkumbuka Bruda Peter Tabichi wa shule ya sekondari ya Keriko, kule Njoro, Nakuru. Mwaka 2019 alishinda tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni moja, na dunia ikasikia kwamba alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kuwasaidia watu na wanafunzi wake. Ni jambo kubwa. Lakini Bruda Tabichi ni mtawa. Hana mke wa kumuuliza mwisho wa mwezi pesa zimekwenda wapi. Nyinyi mna watoto wenu wa kusomesha, na hakuna anayewadai mfanye alivyofanya yeye, wala alivyofanya mwalimu wetu. Wala serikali isije ikajificha nyuma ya mifano hii. Mwalimu wa darasa la kwanza asingepaswa kuwa ndiye anayeziba pengo la karo la kijiji kizima. Alifanya hivyo kwa sababu pengo lilikuwepo na wenye jukumu hawakuwepo. Mheshimiwa bado yupo? Ameondoka. Basi mtamfikishia.

La mwisho ni picha.

Mmeona zile hundi kubwa za kadibodi, ukubwa wa mlango, mtoto amesimamishwa katikati ya watu wazima wanane, anatabasamu kwa amri. Ile picha hubaki. Mtoto akifika kidato cha tatu wenzake wanaitafuta kwenye simu wanamcheka. Akiwa mtu mzima anaomba kazi, bado ipo. Katika faili la kijani hakuna picha hata moja. Kuna wenzetu hapa ambao mpaka siku ile faili lilipofunguliwa, wake zao hawakujua kwamba waliwahi kulipiwa karo na mwalimu. Alizifunga siri zao kwa uzi akaziweka kabatini, na ndiyo sababu faili lenyewe halipo hapa mezani leo, ijapokuwa wengi mmeniuliza. Amerudishiwa mwanawe.

Kwa hiyo mfuko huu hautapiga picha ya mtoto na hundi. Pesa zitalipwa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule anayosoma mtoto, stakabadhi itawekwa, na mkaguzi ataziona stakabadhi zote bila kuyasoma majina kwenye kipaza sauti. Tumekubaliana pia kwamba leo hatutasoma majina ya wachangaji pamoja na viwango vyao, kama tulivyozoea kwenye harambee. Nasikia minong'ono huko nyuma. Najua, raha ya harambee ni kusikia fulani ametoa ngapi, na fulani mwingine kupanda mbegu kidogo juu yake. Tutapoteza pesa kwa uamuzi huu, na tumeukubali hivyo hivyo. Jumla itatangazwa, na hesabu itabandikwa kwenye ubao wa matangazo kila mwisho wa muhula, mjumbe yeyote wa kijiji aje aisome.

Wale mliomo kwenye faili, na mnajijua, hamdaiwi. Mwanawe amenituma niliseme hilo kwa sauti. Mama yake hakuandika deni popote. Mkitaka kuchangia, changieni kama mtu mwingine yeyote. Lakini nina ombi moja dogo kwenu, tena si la pesa. Mfuko unahitaji watu wawili au watatu wanaoishi karibu na barabara hii na wanaoweza kumtambua mtoto anayepita na sare siku ya Jumanne saa nne. Kazi yenyewe ni kumwita, kumpa maji ya kunywa, kumuuliza ni kiasi gani, kisha kumpigia simu Mwalimu Mkuu. Mtu aliyewahi kupita njia hiyo ataifanya vizuri zaidi ya kamati yoyote.

Nambari ya malipo iko kwenye karatasi mliyopewa langoni. Wenye pesa taslimu, meza iko pale chini ya mwembe, na kila anayetoa aondoke na risiti, hata kama ametoa shilingi hamsini. Mama aliyekuwa akihesabu chaki asingeturuhusu vinginevyo. Kikao cha kamati ni Jumamosi ijayo saa tatu, kwenye darasa la kwanza, na mtu yeyote anaweza kuja kutusikiliza tukibishana kuhusu alama na rejesta.

Sasa namkaribisha mweka hazina aeleze akaunti ilivyofunguliwa na ni nani wanaotia sahihi. Mwenye swali kuhusu pesa amuulize hapa hapa, kabla ya pilau, kwa sababu baada ya pilau hakuna atakayeuliza kitu. Ahsanteni sana.